Bi wa Mapokezi na Visanduku Vyangu Vyeupe

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, baina ya tangazo la mkutano wa wazazi wa skuli moja na la mtu aliyepotelewa na ng'ombe upande wa Mkokotoni. Nilikuwa napiga shati pasi. Jina la marehemu lilinipita kwa sababu ya kelele za jirani anayetwanga, nikasikia tu orodha ya jamaa wanaoarifiwa: kaka yake wa Mkunazini, watoto wa dada yake walioko Pemba, na wote walioko Maskati. Nikasema moyoni, hawa si jamaa zake Bi wa mapokezi? Amefiwa na nani, maskini? Ilinichukua muda kufahamu kuwa jamaa zake wote walikuwa wakiarifiwa, na asiyetajwa miongoni mwa wanaoarifiwa ni yeye peke yake. Nilisimama pale mpaka harufu ya kitambaa kilichoungua ikanizindua. Ijumaa iliyopita tu nilimwona Darajani akichagua mabilingani, akiyageuza moja moja na kuyabonyeza kwa kidole gumba, mzima kabisa, miwani yake mikubwa imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Nilimwona, nikajificha nyuma ya gari la hamali mpaka akapita. Nitaeleza kwa nini nilijificha, maana ndiyo sababu ya kuandika leo.

Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisoma nikieleza namna ya kupangusa vumbi ndani ya kompyuta, na kwa nini disketi zisiwekwe juu ya spika ya redio. Mmenipa heshima ya fundi. Ukweli ni kuwa sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kuandika programu kwa kitabu kimoja kisichokuwa na jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo, na mpaka leo nina hofu kuwa kila jambo muhimu lilikuwa katika kurasa zile kumi na mbili. Ndiyo maana napenda kazi yangu iwe safi kupita kiasi. Asiyekuwa na cheti hutaka watu waangalie kazi yake wasione pa kutia kidole. Nikimaliza programu huikagua mpaka mikono inatoa jasho, na anayeniambia kuwa kuna kasoro namwona kama aliyenivua nguo barabarani. Hospitali moja ndogo ya watu binafsi hapa Mji Mkongwe ndiyo iliyonipa kazi yangu ya kwanza ya maana: kuondoa madaftari ya wagonjwa na kuyatia kwenye kompyuta. Hapo ndipo nilipomjua Bi.

Alikuwa ameshakaa mapokezi miaka mingi kabla yangu. Ukoo wao ulikuwa wa watu wenye mashamba ya mikarafuu na nyumba yenye mlango wa misumari ya shaba. Mashamba yakaenda, nyumba ikagawanywa, yeye akaingia kazini na wala hakuona haya. Hati yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wagonjwa waliomba kadi zao wakae nazo. Alikuwa na rula ya mbao aliyoiweka chini ya mstari anaouandika, akimaliza anaishusha, na hakunyanyua kalamu kabla ya kuuliza maswali yake. Mgonjwa akisema jina, Bi humuuliza jina la baba, kisha la babu, kisha humuuliza: "Wa Uroa au wa Bwejuu? Maana wapo wawili." Kwetu mtu ana majina matatu, lake, la baba na la babu, na wengi humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake. Kwa hivyo nyumba moja inaweza kuwa na Khamis wa Juma wa Khamis, na baba yake akawa Juma wa Khamis wa Juma, na hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kaburi lisilojulikana. Kwenye daftari, Bi alikuwa hawachanganyi. Aliwajua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake.

Sasa naingia kwenye fundi na ufundi wake, na nitaeleza taratibu ili asiyewahi kugusa kompyuta naye anihukumu kwa haki. Ukurasa niliotengeneza ulikuwa na visanduku vitatu vya kuandikia, kimoja kwa kila jina, na chini yake kitufe cha kutafuta kadi. Kompyuta hupokea maandishi mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Mahali panapopata zamu hiyo ya kupokea, yenyewe hupatia alama: ukingo wa kisanduku hukoza, kitufe huzungukwa na mstari wa nukta nukta, ili anayeandika ajue yuko wapi. Alama zile mimi niliziona mbaya. Niliziona kama viraka. Nikaziondoa, nikaanza kuchora zangu: ukingo mwembamba wa kijivu kisanduku kikiwa kimetulia, na mnene zaidi wa buluu mtu anapoingia. Lakini kila ukingo uliponenepa, maandishi ya ndani yalisogea nukta moja kulia na nukta moja chini. Hakuna binadamu ambaye angeliona jambo lile. Mimi nililiona, na siku tatu sikula vizuri. Leo najua dawa yake: nukta unayoongeza kwenye ukingo, unaipunguza kwenye nafasi iliyo ndani yake, basi. Wakati ule sikuijua, na kuuliza niliona aibu. Nikakata shauri kuwa ukingo ubaki wa kijivu mtu akiwamo na asipokuwamo. Ukurasa ukatulia, mweupe, kila kitu mahali pake. Kilichobaki kuonesha zamu ni kijistari kinachopepesa ndani ya kisanduku, chembamba kama unywele, na kwenye kitufe hata hicho hakikuwapo.

Siku ya kumfundisha Bi nilivaa shati jipya. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba na kunisogezea kiti. "Haya mwanangu, nioneshe huyo mgeni wako." Alijifunza upesi kuliko nilivyodhani, vidole vyake vilikuwa vimepita mashine ya chapa zamani. Akaandika jina, akabonya kitufe cha kibodi cha kurukia kisanduku kinachofuata, akasimama. "Sasa niko wapi?" Nikamwambia yuko jina la baba. "Umejuaje?" Nikamuonesha kijistari. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, na dirisha lililokuwa nyuma ya kompyuta likamwagia mwanga wote usoni. "Mimi nnaona vumbi," akasema, na wauguzi wawili wakacheka. Kisha akanigeukia, hakuwa akicheka tena. "Mwanangu, mimi nikenda nyumba ya mtu napiga hodi, mwenyewe ananambia karibu. Hapa kwako naingia, kimya. Ntajuaje kama nimo ndani au bado niko barazani?"

"Utazoea, Bi."

"Kipake rangi. Nikiwamo kiwe chengine, cha manjano, cha kijani, upendavyo. Nikitoka kirudi cheupe."

"Rangi itaharibu sura."

"Sura ya nani?" akauliza. Wauguzi wakacheka tena, nami nikacheka nao, nikidhani ni utani. Nilirudi nyumbani nikajiambia kuwa mtu mzima huyu anataka kugeuza kazi yangu kuwa kanga. Aliniomba tena mara mbili. Mara ya mwisho alisema, "Basi hata rula, nitilie rula humo ndani." Nikamjibu kuwa nitatazama. Sikutazama.

Baada ya miezi michache akaja kijana mmoja wa Bwejuu, mhudumu wa hoteli, kupimwa damu kwa sababu mwajiri wake mpya alitaka cheti cha afya. Tumwite Khamis wa Juma, ingawa si majina yake ya kweli. Foleni ilikuwa mpaka mlangoni. Bi alikuwa amemaliza mgonjwa aliyetangulia, na zamu ilikuwa bado imesimama kwenye kitufe cha kutafuta. Yeye akadhani yuko kisanduku cha kwanza. Akaandika jina la kijana, na herufi zote zikapotea, kwa sababu kitufe hakipokei herufi. Akaruka, zamu ikarudi kisanduku cha kwanza, akaandika jina la baba. Likaingia mahali pa jina la mwenyewe. Akaruka, akaandika jina la babu. Likaingia mahali pa baba. Kisanduku cha tatu kikabaki kitupu; kompyuta ikatafuta Juma wa Khamis tu, na ikampata wa Bwejuu, kwa sababu yupo: ni baba wa yule kijana, mchoma chokaa, mgonjwa wa sukari aliyekuwa akitibiwa hapo hapo. Kadi ikafunguka, kijiji ni kile kile, majina ni yale yale ya nyumba ile. Mahali pengine duniani kosa kama hilo lingetoa jina la ajabu na mtu angeshtuka. Kwetu lilitoa mtu kamili, mwenye kadi na anwani. Damu safi ya mtoto ikaandikwa kwenye kadi ya baba. Mzee alipokuja kuchukua dawa, daktari wa zamu akaona sukari imeshuka vizuri, akampongeza na kumpunguzia vidonge. Wiki chache baadaye mzee alianguka mbele ya tanuri lake la chokaa, akaletwa mjini hajitambui. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini siku ya kwanza hatukujua kuwa atapona.

Daktari mwenye hospitali alituita ofisini, Bi na mimi. Alikuwa ameshika karatasi mbili, majibu ya damu ya kijana na kadi ya baba yake. "Bi, nani aliyeingiza hili?" Bi akasema ni yeye. "Ulikuwa unatazama wapi?" Akajibu kuwa alikuwa akitazama pale alipokuwa akiandika. Daktari akanigeukia. "Na programu yako je, inaweza kukosea?" Wasomaji wangu, nilikuwa nshajua. Tangu nilipoziona zile karatasi nilijua herufi zilianguka wapi. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nikasema: "Programu huweka jina pale linapoandikwa." Maneno yale, ukiyachukua moja moja, ni ya kweli, na sijapata kusema uongo mkubwa kuliko ule. Bi akanitazama. Nilitegemea hasira, na ningeweza kuistahamili. Alinitazama kama mtu anayemsubiri fundi athibitishe alichokihofia, akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi."

Wakamwondoa mapokezi, wakampa chumba cha kukunja bendeji na kuhesabu mashuka. Mimi nilikwenda siku ya mapumziko, hospitali haina watu, nikaandika mistari sita. Mitatu ya kusema kisanduku au kitufe kikipata zamu kigeuke manjano hafifu, kama maji ya zafarani, na mitatu ya kukirudisha cheupe mtu anapotoka. Ilinichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Hakuna kilichosogea, hata nukta moja. Na ukitaka kujua uchungu wa jambo hili, ukurasa ulikuwa mzuri zaidi. Sikumwambia mtu. Karani mpya akaketi, msichana mwenye haraka zake, akafanya kazi bila kosa, na daktari akanipiga bega mbele ya watu: "Unaona? Kazi ilikuwa inataka macho ya ujana." Nikatabasamu. Baada ya hapo nikawa napita uchochoro mwengine kila nikiona miwani yenye uzi. Nilijiambia nitakwenda kwake baada ya Ramadhani, kisha baada ya Sikukuu, kisha nikipata maneno mazuri. Hata radhi nilitaka kuiomba kwa namna isiyokuwa na kasoro.

Miaka hii ofisi nyingi za mji wetu zinatia kompyuta, na ninaitwa huku na huku. Kila nendapo nakuta mtu mzima mmoja ameketi pembeni na mikono mapajani, na mwenye ofisi ananinong'oneza kuwa huyu kompyuta hawezi, tunamstahamilia tu. Zamani nilikuwa naitikia. Sijapata kumsikia mtu akisema kuwa kompyuta ndiyo iliyoshindwa kumsaidia mzee huyu, mwenye kujua shughuli nzima ya ofisi bila kufungua daftari. Tumekubaliana bila kukaa kikao kuwa mashine ikikutana na mtu na pakatokea kosa, wa kuchunguzwa ni mtu. Na sisi tunaozitengeneza tunanyamaza, kwa sababu makubaliano hayo yanatufaa.

Bi aliswaliwa siku ile ile ya tangazo, baada ya alasiri, katika msikiti wa mtaani kwao. Watu walijaa mpaka nje. Nilisimama safu ya nyuma na shati lililoungua, kwa sababu sikukumbuka kubadilisha. Baada ya sala kaka yake, mwalimu mstaafu, alisimama mbele ya jeneza kusema yale yanayosemwa na jamaa wa maiti. Aliwashukuru watu, akaomba mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, na aliyekosewa asamehe. Nilidhani amemaliza. Akafuta uso kwa leso, akaendelea: "Na kuna kosa lake la kazini, wengine mnalijua. Lilimuumiza mtu. Dada yangu hakulisahau hata siku moja. Namwombea radhi hapa mbele yenu." Kutoka upande wa nguzo akanyanyuka mzee mmoja mrefu, mikono imebabuka kwa chokaa. Alikuwa ametoka Bwejuu tangu asubuhi. "Mimi ndiye niliyeanguka," akasema. "Nshamsamehe. Duniani na akhera, nshamsamehe."

Watu wakasema amin. Wabebaji wakainama kushika jeneza. Sijui ni nini kilichonisukuma, maana mimi ni mtu wa kufikiri sentensi mara tano. Nilisikia sauti yangu ikisema, kwa nguvu isiyofaa msikitini, "Hakukosea." Wote wakageuka. "Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyetengeneza ile programu. Aliandika sawa, majina yote matatu. Haikumuonesha yuko wapi. Aliniomba rangi, nikamnyima."

"Kijana," kaka yake akasema, "sema tena." Nikasema tena, vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mwalimu: "Ulilijua lini hili?"

"Siku ile ile, Ami."

Kisha akanambia jambo ambalo sitarajii kulizoea. Baada ya kuondolewa mapokezi, Bi alikwenda kupimwa macho. Akaambiwa kuwa kwa miwani yake anaona vizuri. Alirudi nyumbani analia. "Alinambia, kaka, ikiwa si macho basi ni akili. Akaanza kujichunga. Anapika, ananiuliza, nshatia chumvi? Anasali, ananiuliza, nshasali rakaa ngapi? Alikuwa na wasichana wanane anawasomesha Kurani baada ya alasiri, akawarudisha kwao. Alisema anaogopa kuwasomesha makosa. Miezi minane, kijana. Dada yangu amekufa akijua kuwa akili yake imeshaondoka."

Nilikuwa nimejipanga kwa miezi kuogopa hasira yake, na sikuwahi kufikiri hata mara moja kuwa hakuwa na hasira nami, kwa sababu aliniamini. Aliliamini lile neno langu la ofisini kuliko alivyojiamini yeye mwenyewe. Yule mzee wa Bwejuu alikuwa bado amesimama kando ya nguzo, anamtazama kaka, ananitazama mimi, uso wake umechanganyikiwa. "Sasa mimi," akauliza, "nimesamehe kitu gani?" Jeneza likanyanyuliwa, watu wakaanza kusoma, na mimi nikalifuata mpaka makaburini Mwanakwerekwe, nikatia mchanga kama wengine. Hakuna aliyenifukuza wala aliyeniambia yameisha. Sikuomba radhi pale, maana radhi niliyoihitaji ilikuwa ya Bi mwenyewe, si ya kuombwa kwa kaka.

Kwa wenzangu mnaojifunza kazi hii peke yenu, kwa vitabu vilivyochanika na kwa woga kama wangu, nasema hivi. Mtu akiketi mbele ya kazi yako na kukuambia kuwa haoni yuko wapi, usimwambie atazoea. Mpe rangi siku hiyo hiyo. Na akikosea, kabla hajasema ni mimi, sema wewe kwanza unachokijua, kwa maneno yoyote yale, hata yakitoka yamevunjika. Neno la fundi lina uzito ambao fundi mwenyewe haujui. Mtu anaweza kulichukua akaenda nalo nyumbani, akajihukumu nalo.

Jana nilikwenda kwa daktari nikamueleza yote. Hakunipiga bega. Amekubali kubandika karatasi mapokezi, lakini karatasi ile itasomwa na wanaosubiri dawa tu, na habari za Bi zilizagaa mji mzima. Kwa hivyo naliandika hapa, na wale wasichana wanane nawaomba wasomewe: mwalimu wenu aliandika majina sawa, kwa mpangilio wake, bila kuacha hata moja. Akili yake ilikuwa nzima mpaka siku aliyokufa. Hakuna aliyemwambia.